Njia ya Karanga: Somo la Kusini kwa Waandika Programu

Tarehe 22 Machi 1866 meli ya kivita ya Uingereza, Penguin, ilifika kwenye maingilio ya Mto Ruvuma ikimleta David Livingstone. Pamoja nayo lilikuwapo jahazi lililosheheni ngamia, nyati, baghala na punda. Livingstone alikusudia kuwashusha wanyama hao hapo hapo, kisha apande na mto kuelekea Ziwa Nyasa. Mikoko ilimkatalia. Miti imefungamana hadi majini, ardhi ni tope, na ngamia hapati pa kukanyaga. Msafara ukageuza kaskazini kufuata pwani, na tarehe 24 ukashusha mzigo Mikindani.

Msafara ule ulisimama juu ya sentensi moja: kwamba maingilio ya Ruvuma yana mahali pa kushushia wanyama. Sentensi hiyo ilikuwa ya uongo, na uongo wake ulijulikana siku ileile, mahali palepale, kabla hata mnyama mmoja hajazama kwenye tope. Gharama yake ikawa siku mbili na safari fupi ya baharini.

Miaka themanini baadaye pwani hiyohiyo iliingizwa katika mpango mwingine, mkubwa kupita kiasi, uliosimama juu ya sentensi nyingi ambazo hakuna aliyezipima mahali pake. Mpango huo ulikufa ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Nimeifuata njia inayounganisha matukio haya mawili, kutoka Msimbati hadi Mikindani, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Ninaamini kwamba njia hii inafundisha vizuri kuliko kitabu chochote jambo ambalo vijana wetu wengi wa kompyuta hulipuuza: kuyaandika yale unayoyaamini ndani ya kazi yenyewe, ili kazi ikusimamishe pale unapokosea.

Mto mmoja uliopimwa, mmoja usiopimwa

Ukisimama leo kwenye ufuko wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, utaona kwa nini mabaharia wa zamani waliuogopa mdomo wa mto huu. Mafungu ya mchanga huhama, mikoko hufunga ukingo, na maji ya mto hupanda na kushuka kwa majira ya mvua za bara.

Livingstone aliujua mto huu kabla ya 1866. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1861 na meli ya mvuke iitwayo Pioneer. Alitaka njia ya maji ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika eneo la Wareno, na alitumaini kwamba Ruvuma unatoka ziwani humo. Pioneer ilihitaji maji ya kina cha futi 5 ili ielee, kina kikubwa kwa mto wa namna hii. Walipopanda kama maili 30 maji yakaanza kupungua, wakarudi. Mwaka 1862 alirudi na mashua, akapanda zaidi ya maili 100 hadi alipokutana na miamba iliyokatisha mto. Akarudi tena. Tunajua sasa kwamba Ruvuma hautoki Ziwa Nyasa. Chanzo chake ni Milima ya Matogoro, jirani na Songea.

Ulinganishe mto huu na Zambezi. Mwaka 1856, akimaliza safari yake ya kuvuka Afrika, Livingstone aliuacha mto huo kabla ya kufika Tete akakata njia ya mkato kwa miguu. Sehemu aliyoiruka ndiyo yenye maporomoko ya Cahora Bassa. Alipofika Uingereza aliwaaminisha watu kwamba Zambezi ungekuwa barabara kuu ya biashara na dini. Serikali ikatoa fedha, meli na wataalamu. Mwaka 1858 wakafika Cahora Bassa wakakuta ukuta wa mawe na maji yanayochemka.

Mtu ni yuleyule, na tamaa yake ya kupata mto wa kupitisha meli ni ileile. Katika Ruvuma aliweka dhana yake mbele ya maji yenyewe, na maji yakamjibu maili kwa maili. Katika Zambezi aliibeba dhana kichwani akairuka sehemu ambayo ingeikanusha. Kosa likakaa kimya kwa miaka miwili, likajitokeza baada ya watu, meli na fedha kuwa tayari shambani.

Tamko ndani ya programu

Kila programu ya kompyuta husimama juu ya mambo ambayo mwandishi wake anayaamini. Anaamini kwamba orodha aliyopokea haiko tupu, kwamba uzito wa gunia hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwamba jumla ya sehemu ni sawa na kitu kizima. Mara nyingi imani hizo hubaki kichwani. Mashine haizijui. Siku imani moja kati ya hizo ikiwa si kweli, mashine huendelea na kazi kwa utulivu, hubeba namba mbovu kutoka hatua hadi hatua, na kutoa jibu bovu mbali kabisa na pale kosa lilipozaliwa.

Tamko ni sentensi ambayo mwandishi huiweka katikati ya programu akisema: kazi ikifika hapa, jambo hili lazima liwe kweli. Mashine ikifika hapo huipima sentensi. Ikiwa kweli, hupita. Ikiwa si kweli, husimama palepale na kutaja mstari uliovunjika. Anayesaka hitilafu haanzi tena kupekua programu nzima. Anaanza pale mashine iliposimama na kurudi nyuma hatua chache.

Wazo hili lina umri uleule wa kompyuta zenyewe. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann, wakieleza huko Marekani namna ya kupanga kazi za mashine mpya za kielektroniki, waliweka katika michoro yao visanduku maalumu vya kuandikia mambo yanayopaswa kuwa kweli kila hatua. Tarehe 24 Juni 1949 Alan Turing alisimama mbele ya mkutano huko Cambridge akauliza swali ambalo bado linatusumbua: mtu ahakikishe vipi kwamba programu ndefu ni sahihi? Jibu lake lilikuwa kwamba aliyeiandika atoe matamko kadhaa ya wazi, kila moja liweze kukaguliwa peke yake, na usahihi wa programu nzima utokane na hayo.

Turing alieleza kwa hesabu ya kujumlisha, na mfano wa namna hiyo unaweza kuufanya hata chini ya mkorosho. Tuseme karani ana mafungu matatu ya korosho: kilo 487, kilo 365 na kilo 279. Amekupa jumla tu: 1,121. Unajumlisha upya, unapata 1,131. Unajua amekosea, hujui wapi. Sasa tuseme karani ameandika pia anachokibeba kutoka safu hadi safu: 1 kutoka mamoja kwenda makumi, 2 kutoka makumi kwenda mamia. Watu watatu wanaweza kukagua safu tatu kwa wakati mmoja bila kusubiriana. Wa mamoja anaona 7 na 5 na 9 ni 21, kwa hiyo kinachobebwa ni 2, na karani ameandika 1. Kosa limekamatwa lilipo. Wa makumi, akiichukua ile 1 kama alivyopewa, anakuta kazi ya safu yake iko sawa, na wa mamia vilevile. Kuandika kinachobebwa kulimgharimu karani wino kidogo; kutokukiandika kungewagharimu wote kazi ya kurudia.

Karanga zilizopandwa juu ya dhana

Mwaka huohuo wa 1949, wakati Turing akizungumza Cambridge, Kusini mwa Tanganyika palikuwa na wahandisi, trekta na wafanyakazi waliokuwa wakijenga reli kuelekea Nachingwea. Ili kuelewa walikuwa wakifanya nini inabidi kurudi nyuma hadi 1946.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka hewani. Ripoti yao ilipendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari zaidi ya milioni 3.2. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 katika Jimbo la Kusini. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24. John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, akaubeba mpango huo bungeni.

Wapo walioshauri kuanza na jaribio dogo. Ushauri huo uliwekwa kando kwa sababu mafuta yalihitajika haraka. Hapa ndipo mwandika programu anapaswa kusimama na kutazama kwa makini, kwa sababu mpango ule ulikuwa programu kamili: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Matamko yake yalikuwapo, lakini yalibaki ndani ya vichwa vya watu walioko London.

Tamko la kwanza lilikuwa kwamba trekta zilizobaki vitani zingeweza kung'oa msitu wa Kongwa, katikati ya Tanganyika, kwa kasi iliyopangwa. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Trekta zilizonunuliwa zilikuwa zimechoka, mibuyu na vichaka vyenye mizizi iliyosukana vilivunja vyuma, na vipuri vilikuwa mbali. Kampuni ya Vickers ikaanza kubadili vifaru vya Sherman kuwa trekta.

Tamko la pili lilihusu udongo. Karanga ni mmea wa ajabu: ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama, huchoma ardhi, na punje hukua chini. Wakati wa kuvuna lazima ardhi ikubali kuachia. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na chembe kali za mawe. Chembe zile zilikula makali ya majembe, na mvua zilipokatika mfinyanzi ukakauka kama tofali. Karanga zilizokubali kukua zikawa zimefungiwa chini.

Tamko la tatu lilihusu mvua. Wagogo wa eneo lile walikuwa na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya ya kuanzia 1917 hadi 1920, na historia yao yote ni historia ya watu wanaoishi na mvua isiyo na ahadi. Maarifa hayo yalikuwa yanapatikana kwa kuuliza tu.

Tamko la nne ndilo linaloturudisha Mtwara. Mashamba mengi zaidi yalipangwa Kusini, lakini Kusini hakukuwa na bandari ya kina kirefu wala reli. Kwa hiyo kazi ilianzia Kongwa, kwa kuwa Reli ya Kati ilipita jirani, na Kusini ikasubiri. Mpango ulichukulia kwamba miundombinu ya Kusini ingekuwa tayari wakati mazao yakianza kutoka. Hakuna mahali katika utaratibu wa kazi palipoandikwa: kama bandari haijakamilika kufikia tarehe fulani, simama, usinunue mashine zaidi.

Reli ya kwenda Nachingwea

Ghuba ya Mtwara ilichaguliwa kwa sababu ina kina na imekingwa dhidi ya upepo. Jirani yake, kilomita chache tu, kuna Mikindani, mji wa kale wa majahazi wenye boma la Wajerumani la mwaka 1895 na mitaa ambamo nyumba za mawe za wafanyabiashara bado zinasimama. Mikindani ilikuwa imetosha kwa karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi, lakini meli kubwa za mpango wa karanga zilihitaji maji mengi zaidi. Mji mpya wa Mtwara ukachorwa kwenye karatasi, wenye barabara pana na nafasi kubwa kati ya mtaa na mtaa. Anayetembea Mtwara leo bado anaziona nafasi hizo: ni mji uliopimwa kwa ajili ya idadi ya watu na shughuli ambazo hazikufika kwa wakati uliokusudiwa.

Kwa kuwa bandari ilichelewa, reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Ndipo baadaye ikaunganishwa na Mtwara. Gati la kina kirefu la Mtwara lilikamilika mwaka 1954.

Zitazame tarehe hizo tena. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuzika mpango wa karanga na kufuta deni la takriban pauni milioni 36. Gati lilikamilika miaka mitatu baada ya mzigo uliokusudiwa kupita hapo kutangazwa kuwa hautakuwapo. Treni zilipita Kusini kwa miaka kadhaa zikibeba mizigo mingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa kwa kukosa mzigo wa kutosha.

Ardhi yenyewe haikufa. Nachingwea ilikuja kuwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO kuanzia katikati ya miaka ya 1960, na sehemu ya mashamba ya karanga ikawa kambi yao ya mafunzo. Bandari ya Mtwara leo inapitisha korosho, saruji na makaa ya mawe. Watu wa Kusini wamevitumia vilivyoachwa kwa kazi zao wenyewe. Hilo halifuti hukumu juu ya mpango: kosa la 1946 liligunduliwa kama pengo la fedha kwenye vitabu vya London, miaka minne na nusu baadaye, umbali wa maelfu ya maili kutoka kwenye udongo lilikozaliwa. Hii ndiyo tabia ya kila hitilafu isiyo na tamko la kuikamata. Huzaliwa mahali pamoja na kulia mahali pengine.

Makosa hayo hayakwisha na karanga

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu uliokuwa ukiendeshwa kwa kompyuta kushindwa na kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliathiri elimu na kazi za kompyuta kwa miaka mingi. Mlango ulifungiwa mashine, wakati mashine hufanya tu kile ilichoamriwa. Taifa changa lililokosa wataalamu wa kutosha lilikuwa na haki ya kuogopa. Hata hivyo, somo ambalo lingetufaa zaidi lilikuwa kujenga utamaduni wa kuhakiki.

Mataifa yenye wataalamu wengi hayakusalimika. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou na kuharibika sekunde zipatazo 40 baadaye. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na namba ya mwendo iliyokuwa ikihamishwa kutoka kwenye nafasi kubwa kwenda kwenye nafasi ndogo ya kumbukumbu. Kwa Ariane 4 namba hiyo isingeweza kuzidi nafasi yake, kwa hiyo waandishi wakaiacha bila kinga. Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa kasi zaidi wa upande. Namba ikafurika, vifaa vya kuongoza roketi vikazima, na roketi ikapinda. Dhana iliyokuwa kweli kwa chombo kimoja ilihamishiwa kwenye chombo kingine bila sentensi ya kuwaambia warithi wake kwamba ipo, kama vile kilimo cha ardhi laini kilivyohamishiwa Kongwa.

Korosho, mzani na mstari mmoja

Tuje kwenye kazi ya leo. Mwaka 2007 Mtwara ilianza kuuza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye ghala la chama chake cha msingi, hupimwa na kupewa risiti. Chama hukusanya na kupeleka ghala kuu, ambako mzigo hupimwa tena na stakabadhi kutolewa. Korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU na MAMCU, mnunuzi hulipa, makato hutolewa, na mkulima hulipwa benki. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo iliingia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kilo za mkulima wa Tandahimba au Newala sasa zinapita katika programu nyingi kabla hazijawa shilingi.

Chukua kosa dogo kama mfano. Lori moja la magunia limeingizwa mara mbili kwenye kompyuta ya mapokezi kwa sababu mtandao ulikatika na karani akabonyeza tena. Programu haina tamko. Inapokea, inajumlisha, inapeleka mbele. Wiki kadhaa zinapita. Siku ya malipo fedha zinakwisha kabla ya wakulima wa mwisho kwenye orodha. Mwandishi wa programu anaitwa usiku, anafungua sehemu ya malipo kwa kuwa ndiko kilio kilikotokea, anaisoma mstari kwa mstari, haoni kosa. Haoni kwa sababu halipo. Lipo kwenye mapokezi, lilizaliwa siku ambayo hakuna anayeikumbuka. Wakati huo huku vijijini watu wameshaanza kuulizana ni nani amekula fedha zao.

Sasa weka mistari hii:

hakikisha kilo_za_mkulima > 0
hakikisha namba_ya_risiti haijawahi kutumika
hakikisha jumla_ya_risiti == kilo_za_chama
hakikisha kilo_za_ghala_kuu <= kilo_za_chama
hakikisha malipo + makato == mapato_ya_mnada

Mstari wa pili ungesimamisha lori lile sekunde ileile, karani akiwa bado kwenye kiti na dereva akiwa bado mlangoni. Kila mmoja wa wahusika angekuwapo kueleza kilichotokea.

Kuandika mistari hiyo kunahitaji kuijua kazi yenyewe. Tazama mstari wa nne. Mwanafunzi aliyejifunza darasani tu angeweka alama ya kulingana: kilo za ghala kuu ziwe sawasawa na kilo za chama. Programu yake ingesimama kila siku, kwa sababu korosho hupoteza unyevu na uzito hupungua. Watu wa korosho huuita unyaufu, na wanaujua vizuri kwa kuwa mara nyingi huleta ugomvi. Akichoka na kusimama huko angeufuta mstari wote, na kwa kuufuta angefungua mlango kwa anayetaka kupunguza kilo na kusingizia unyaufu. Tamko sahihi huweka kiwango cha chini pia: kilo zisizidi za chama, na zisipungue kupita unyaufu unaokubalika. Kukijua kiwango hicho lazima ukae na watu wa ghala na kuwauliza. London haikuwauliza Wagogo.

Mstari wa tano nao una mtego. Kompyuta ikihifadhi fedha kwa namba za desimali za kawaida, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haitoi hasa 0.3. Hubaki chembe ndogo isiyoonekana, na tamko la kulingana litavunjika bila mtu kuiba senti. Dawa ni kuhesabu kwa senti nzima, na kila senti iliyobaki baada ya kugawa iwe na mahali palipotajwa.

Kuna mpaka wa kuheshimu. Tamko hupima imani ya mwandishi. Mkulima akikosea namba yake ya siri, au karani akiandika herufi badala ya tarakimu, hilo ni jambo la kawaida la kibinadamu. Programu imweleze kwa upole na kumpa nafasi ya kurudia. Tamko linapovunjika maana yake ni kubwa zaidi: ulimwengu ambao programu ilijengwa kwa ajili yake haupo tena, na kuendelea ni kubahatisha na mali za watu. Hata kusimama huko lazima kupangwe. Mizani ya kijijini inaweza kungoja saa moja hitilafu irekebishwe. Roketi iliyo angani haiwezi, na inahitaji njia nyingine salama iliyofikiriwa kabla.

Usivue jaketi baharini

Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 waliyapa matamko msingi wa kihisabati, wakionyesha kwamba mtu anaweza kuthibitisha programu kwa kuunganisha kilicho kweli kabla ya hatua na kilicho kweli baada yake. Lugha nyingi zinazotumika leo zina amri ya kuyaandika. Lakini nyingi pia zina njia ya kuyazima. Katika Java, tangu yalipoingizwa mwaka 2002, matamko hulala hadi mtu ayaamshe mwenyewe. Waandishi wengi huyatumia wakati wa majaribio, kisha huyazima siku programu inapoanza kazi halisi, ili iende kasi.

Hoare aliipinga tabia hii mapema, mwaka 1973. Alimfananisha mtu huyo na baharia anayevaa jaketi okozi akijifunza nchi kavu, kisha analivua anapoingia baharini. Mtu yeyote aliyevuka hori ya Msangamkuu au kutoka na ngalawa Msimbati wakati wa kusi hahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo nawaomba vijana wanaoandika programu za mizani, za stakabadhi, za mishahara, za hospitali na za kodi: kabla ya kuandika hatua, andikeni sentensi inayopaswa kuwa kweli ili hatua hiyo iwe na maana. Iwekeni pale ambapo ukweli wake unaweza kukanushwa. Nendeni mkaiulize kwa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Iacheni ikiwa hai msimu unapofunguliwa, hasa msimu unapofunguliwa. Na ninyi viongozi mnaonunua mifumo hiyo, kabla ya kutia saini mwulizeni anayewauzia maswali haya: programu hii inaamini nini, imani hiyo imeandikwa wapi, na programu itafanya nini siku imani hiyo itakapokuwa si kweli? Asiyeweza kujibu hajamaliza kazi yake, na asilipwe.